Kabla ya Kununua Mpira, Nunua Mizani

Tarehe 21 Septemba 2000, mjini Sydney, wasichana waliokuwa wakiwania ubingwa wa jumla wa jimnastiki kwenye Michezo ya Olimpiki walianza kuanguka, na wengi walianguka kwenye kifaa kimoja: kile cha kurukia. Svetlana Khorkina wa Urusi, aliyetarajiwa na wengi kushinda, alitua kwa magoti. Shindano lilikuwa limekwenda mbali pale Allana Slater wa Australia alipowaambia wasimamizi kwamba kifaa kile anakiona kifupi. Wakakipima. Kilitakiwa kiwe na kimo cha sentimita 125, kilikuwa na 120. Waliokwisha kuruka wakaruhusiwa kurudia, lakini Khorkina alikuwa amekwisha kwenda kwenye fito na kuanguka huko pia, moyo umeshavunjika. Kurudia kuruka kusingemfaa kitu.

Kifaa kile hakikuwa feki. Kilikuwa cha daraja la Olimpiki, kwenye ukumbi wa Olimpiki, chini ya macho ya waamuzi wa Olimpiki. Aliyekosekana ni mtu mwenye futi mkononi kabla ya msichana wa kwanza kuanza kukimbia. Mimi hukitaja kisa hiki kila waandaaji wa mashindano wanaponiuliza swali lile lile: “Mwalimu, tununue mpira wa kampuni gani?” Jibu langu huwaudhi. Kampuni ni swali la nne au la tano. La kwanza ni hili: mtajuaje kwamba mlicholetewa ndicho mlichoagiza, na kwamba siku ya fainali kitakuwa bado ni kile kile?

Kwenye mazoezi, mpira ukiwa mwepesi kidogo hakuna anayedhulumiwa. Wote wanaupiga huo huo, na kesho wanaurudia. Mashindano yana hesabu nyingine. Timu iliyocheza Jumatatu kwa mpira mpya italinganishwa kwa tofauti ya magoli na timu iliyocheza Ijumaa kwa mpira uliokwisha kunywa maji ya mvua. Kifaa cha kuaminika kwenye mashindano, kwa hiyo, ni kile kisichobadilika: kiwe sawa kwa timu zote mbili, sawa kwenye viwanja vyote, sawa toka mchezo wa ufunguzi hadi wa mwisho. Uzuri wake unakuja baadaye.

Fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, Montevideo, 30 Julai 1930, iligubikwa na ubishi wa aina hii. Argentina walitaka mpira wao utumike, Uruguay nao wakang'ang'ania wao. Ikaamuliwa kipindi cha kwanza kichezwe kwa mpira wa Argentina na cha pili kwa mpira wa Uruguay. Hadi mapumziko Argentina walikuwa wakiongoza 2-1. Mpaka filimbi ya mwisho, Uruguay 4, Argentina 2. Sisemi mpira ndio ulioleta ubingwa. Uruguay walikuwa na timu. Lakini hadi leo wapo wanaoutaja mpira wanapousimulia mchezo ule, na hayo ndiyo matokeo ambayo mwandaaji yeyote anapaswa kuyaogopa. Huku mitaani kwetu bado kuna makombe yanayoendeshwa kwa utaratibu wa “kila timu ije na mpira wake, refa atachagua”. Refa akichagua, ameshaingia kwenye mchezo kabla haujaanza.

Bajeti nyingi za makombe ya kata na ya mitaa huanzia mwisho. Kwanza ng'ombe wa bingwa na mbuzi wa mshindi wa pili. Kisha jezi zenye jina la mfadhili, kombe refu kuliko nahodha, spika, turubai na viti vya wageni waalikwa. Mpira huingia siku mbili kabla, ikiwa pesa imebaki ya kununua mmoja Kariakoo na kuazima mwingine shuleni. Mimi huvigawa vifaa mafungu mawili. Lipo fungu la vitu vinavyogusa matokeo au mwili wa mchezaji, na lipo fungu la vitu vinavyopamba. La kwanza linalipiwa lote, hadi sindano ya pampu, kabla ya la pili kuguswa. Mfadhili akitaka jina lake lionekane, nyavu nzuri zinaonekana kuliko bango.

Sasa mpira wenyewe. Sheria ya 2 ya soka inasema mpira uwe wa duara, wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza, na upepo wa kati ya angahewa 0.6 na 1.1 kwenye usawa wa bahari. Huo ndio mpira namba 5. Juu ya hayo, FIFA ina mpango wake wa ubora wenye madaraja matatu, na mihuri yake huchapwa kwenye mpira: FIFA Quality Pro, FIFA Quality na FIFA Basic. Mpira unaoomba daraja la juu hupimwa mzingo, uduara, uzito na mdundo. Huzungushwa na kubinywa majini mara 250 ili kuona umekunywa kiasi gani. Huachwa saa 72 ili kuona umepoteza upepo kiasi gani, na hurushwa maelfu ya mara kwenye bamba la chuma kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, kisha hupimwa tena kama bado ni duara.

Ni majaribio mazuri, ila kwenye orodha hiyo simwoni muuaji mkuu wa mipira hapa kwetu, yaani changarawe. Mpira wa bei ghali wa kisasa huwa haushonwi. Vipande vyake huunganishwa kwa gundi na joto. Haunywi maji, na kwenye nyasi unadumu. Uupeleke kwenye uwanja wa kokoto wa shule ya msingi, ngozi yake laini inachubuka ndani ya wiki, kiungo kinaanza kufunguka, na hakuna fundi wa mtaani anayeweza kukirudisha. Ule wa vipande 32 ulioshonwa kwa mkono ukifumuka, fundi viatu anaushona jioni hiyo hiyo. Kwa kiwanja kigumu mimi huchagua ulioshonwa, wa daraja la kati, wenye ngozi nene kidogo, na pesa inayobaki naongezea idadi. Najua kuna makocha watakaonibishia hapa. Wakinibishia wakiwa na kiwanja cha nyasi, wana haki.

Tazameni pia kibofu cha ndani. Cha mpira wa asili hudunda vizuri na mguu huupenda, lakini huvujisha upepo haraka, hivyo lazima mpira ujazwe upya karibu kila mchezo. Cha butili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, ni kigumu kidogo ila hushika upepo kwa wiki kadhaa. Kwa mashindano ya siku kumi yenye mtunza stoo mmoja na viwanja vinne, butili.

Ndiyo maana jina la kampuni nalisogeza nyuma. Mipira mingi iliyoshonwa kwa mkono duniani hutoka mji mmoja, Sialkot nchini Pakistan, na viwanda vya huko hushonea majina mengi tofauti. (Mji huo huo ndio uliosababisha makubaliano ya Atlanta ya mwaka 1997 ya kuwaondoa watoto kwenye kazi ya kushona mipira; anayenunua kwa pesa ya shule ana haki ya kumuuliza muuzaji swali hilo.) Wala cheti hakimalizi kila kitu. Jabulani, mpira wa Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, ulikuwa na cheti, na bado makipa waliulalamikia toka siku za kwanza kwamba unayumba hewani. Kinachopunguza malalamiko ya namna hiyo ni kuzoea: mpira rasmi utajwe mapema, na kila timu ipewe mmoja wa kufanyia mazoezi wiki mbili kabla. Inaongeza gharama. Inapunguza rufaa pia.

Dukani mnaweza kufanya nini bila maabara? Mengi. Mizani ya jikoni ya kidijitali inasoma gramu. Futi ya fundi cherehani inazunguka mpira: pimeni mara tatu, kila mara upande mwingine, vipimo vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, huo si duara. Weka mpira kwenye beseni la maji na uuzungushe taratibu mara kadhaa. Kama upande ule ule unarudi juu kila safari, uzito wake haujasawazishwa, na hewani utapinda hata kama aliyepiga hakutaka. Dondosha mitano kwa pamoja kutoka kimo cha mita mbili kwenye sakafu ya saruji na uangalie kama inadunda kimo kimoja. Ijazeni, iandikieni namba kwa kalamu ya wino mzito, iacheni siku tatu, kisha pimeni upepo upya. Anayekataa mipira yake ipimwe hivyo ameshawajibu.

Upepo una hadithi yake. Januari 2015, kwenye mchezo wa kuwania kuingia fainali ya soka ya Kimarekani, New England Patriots walituhumiwa kupunguza upepo kwenye mipira yao dhidi ya Indianapolis Colts. Katika ligi ile kila timu ilileta mipira yake ya kushambulia. Uchunguzi ulichukua miezi, klabu ikatozwa dola milioni moja, mchezaji wake Tom Brady akafungiwa michezo minne, na wanafizikia wakagawanyika juu ya kiasi ambacho baridi peke yake ingeweza kupunguza. Kwangu kilichotia aibu zaidi ni hiki: refa alikuwa na geji mbili zisizokubaliana, na vipimo alivyochukua kabla ya mchezo havikuandikwa mahali. Ligi yenye mabilioni ya dola ilikosa daftari.

Fizikia yenyewe inatuhusu sana. Jaza mpira saa moja asubuhi, joto likiwa nyuzi 22, hadi angahewa 0.9. Uache juani pembeni mwa kiwanja hadi saa saba, ngozi na hewa yake vifike nyuzi 45. Upepo utakuwa umepanda hadi karibu 1.05 bila mtu kuugusa. Safirisha mpira huo huo, ukiwa na 0.9 yake na joto lake la asubuhi, kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ya nje inasukuma kidogo: utafika ukiwa karibu na 1.08, umebakiza kidogo kuvuka kikomo, na wachezaji watasema mipira ya mwaka huu ni mawe. Mpira hupimwa pale unapochezwa, kivulini, nusu saa kabla. Geji iwe ya mipira. Ile ya fundi tairi imetengenezwa kwa ajili ya PSI 30 na kuendelea, ilhali mpira unaishi kati ya 8.5 na 15.6, huko chini mshale wake unabahatisha tu.

Na kwa watoto? Namba 4: mzingo sentimita 63.5 hadi 66, uzito gramu 350 hadi 390. Kumpa mtoto wa miaka kumi mpira wa Simba na Yanga ni kumfundisha kupiga kwa ncha ya kiatu, kwa kuwa ndiyo njia pekee ya kuufikisha mbali.

Mpira wa pete unaonewa kwa namna ya peke yake. Waandaaji wengi huona mpira wake unalingana na ule wa miguu, na kwa mizani wana haki: mzingo milimita 690 hadi 710, uzito gramu 400 hadi 450. Basi wanawapa wasichana mpira wa miguu uliobaki. Tofauti iko kwenye ngozi. Mpira wa pete una vinundu vya kushikia, kwa sababu mchezo wote uko mikononi. Ule wa miguu ukishapata jasho unateleza kama samaki, pasi zinapotea, na watazamaji wanahitimisha kwamba wasichana hawajui kudaka. Pimeni na nguzo pia: mita 3.05 hadi kwenye pete, na pete yenyewe milimita 380 kwa ndani. Nimeona viwanja ambapo nguzo za pande mbili zimepishana kwa kiasi ambacho jicho tu linaona.

Mpira mbovu unaharibu matokeo. Goli bovu linaua. Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani imekuwa ikionya tangu miaka ya tisini juu ya magoli ya kuhamishika yanayoangukia watoto, na imeorodhesha vifo zaidi ya 20 tangu 1979. Sababu haibadiliki: mtoto ananing'inia kwenye mtambaa wa panya, au upepo mkali unavuma, na goli la chuma lisilofungwa chini linapinduka kwa mbele. Sheria ya 1 inataka magoli yote yafungwe imara ardhini, ya kuhamishika yakiwemo. Kwetu magoli ya kuhamishika yameongezeka kwa kuwa kiwanja kimoja kinatumika kwa mikutano, misa na michezo. Fundi wa kuchomelea akiulizwa atengeneze goli jepesi, atalitengeneza jepesi kwa nyuma, na hapo ndipo uzito unapotakiwa. Bomba la chini la nyuma liwe zito kuliko mwamba wa juu, liwe na matundu ya kupigilia mambo, na mifuko ya mchanga iwepo kwa viwanja vya saruji. Baada ya mchezo goli lilazwe kifudifudi au lifungwe kwenye mti. Hili ndilo eneo ambalo sikubali kusikia neno “bajeti”.

Kwa yale yaliyochimbiwa, leteni futi. Mita 7.32 kati ya nguzo na nguzo, kwa ndani, mita 2.44 kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa mwamba. Miamba ya mkaratusi hulegea katikati kwa muda. Ardhi nayo hushuka: makipa wa misimu mingi huchimba shimo kwa njumu zao, na goli lililokuwa halali mwaka lilipojengwa leo lina sentimita kumi za ziada katikati. Shimo lijazwe na kushindiliwa siku kadhaa kabla, si asubuhi ya mchezo. Na mwamba ukivunjika mchezo ukiendelea, kamba haiwezi kuchukua nafasi yake. Sheria inataja kamba kwa jina. Usiporekebishwa, mchezo unavunjwa. Basi uwepo wa akiba, au fundi awe na mashine yake karibu.

Kwenye riadha nitapita haraka, isipokuwa kwa viunzi. Kiunzi halali huanguka mbele kikiguswa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 3.6 hadi 4, na miguu yake yote iko upande anaotokea mkimbiaji. Vingi vinavyochomelewa mitaani vina miguu pande zote mbili, kama benchi. Havianguki. Vinamwangusha mtoto. Vivunjeni.

Tufe linaweza kuchongwa na fundi wa mashine ya kukereza na likawa zuri kabisa, alimradi lipimwe: kilo 7.26 kwa wanaume, 4 kwa wanawake, 5 kwa wavulana wa chini ya miaka 18 na 3 kwa wasichana wa umri huo. Mkuki usijaribu kuuchonga. Mizania yake ni nyeti kiasi kwamba mwaka 1986 kitovu cha uzito cha mkuki wa wanaume kilisogezwa mbele, baada ya Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki kurusha mita 104.80 mwaka 1984, umbali uliotishia kumaliza viwanja. Fimbo ya mwanzi yenye ncha ya chuma haikupimi wewe wala mwenzako. Kwa muda, simu ni saa nzuri. Tatizo ni kidole. Wapimaji watatu kwa mshindi, na unachukuliwa muda wa katikati. Waanze kwa kuona moshi wa bastola, si kwa kusikia mlio: sauti inatumia karibu sekunde 0.3 kufika mita 100, na mtoto anayepunjwa au kuongezewa kiasi hicho anahamia daraja lingine kabisa.

Sasa karatasi ya manunuzi. Nimesoma orodha za vifaa zilizoandikwa “mipira orijino, mizuri, namba 5, dazeni tatu”, kisha kamati ikashangaa kwa nini mzabuni wa bei ya chini ameleta maputo. Orijino si kipimo. Andikeni mzingo, uzito, aina ya ngozi, namna ya kuunganishwa, aina ya kibofu, na daraja la cheti ikiwa mnalitaka. Mihuri ya FIFA hughushiwa, lakini FIFA ina orodha ya mipira iliyothibitishwa kwenye tovuti yake na kuitafuta ni dakika moja. Mzabuni alete sampuli mbili. Moja ipimwe hadi ichoke, nyingine ifungwe kwenye mfuko na kusainiwa na pande zote. Mzigo ukifika, chukueni mpira mmoja katika kila kumi, bila kuchagua, muulinganishe na sampuli ile. Mkataba useme wazi kwamba visivyolingana vinarudi kwa gharama ya aliyeleta. Bila sentensi hiyo, hayo mengine ni mapambo.

Nunueni toleo moja kwa mkupuo mmoja, pamoja na akiba. Kwa kila kiwanja mipira minne inatosha: mmoja unachezwa, miwili iko pembeni, mmoja uko stoo haujaguswa ukisubiri nusu fainali. Sindano za pampu nunueni nyingi kuliko mnavyodhani, na chupa ndogo ya glisirini ya kuzilainishia. Sindano kavu ndiyo inayotoboa vali. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha, na ndicho ninachokiona kikichelewesha michezo mara nyingi.

Mtunza stoo apewe daftari lenye safu tano: namba ya mpira, uzito, upepo, saa, saini ya mwamuzi. Manahodha waruhusiwe kulisoma kabla ya kurusha shilingi. Na kwenye kanuni za mashindano kiwepo kipengele kinachotaja mpira utakaotumika, nani anaupima, lini, na nini kinafuata usipofaa. Kiandikwe kabla ya droo. Baada ya droo kila timu itakuwa na mpira wake inaoupenda.